Kati ya Chai na Msitu: Safari ya Amani, Usambara Mashariki

Jumatatu: Muheza hadi Amani

Mabasi ya Amani hupanda mlima mchana na kuteremka alfajiri, kwa hiyo msafiri anayetoka Tanga mjini hupata muda wa kutosha wa kukaa stendi ya Muheza na kutazama machungwa. Ilikuwa mwanzoni mwa Juni, masika yakimalizikia, na marundo ya machungwa yalikuwa yamepangwa kando ya barabara yakisubiri malori, mengi yakielekea Kenya. Hakuna kitu chochote hapo Muheza kinachomdokeza mgeni kwamba mbele yake, mwendo wa saa mbili na ushehe kwa basi, kuna mashamba ya chai: joto ni la pwani, minazi ni ya pwani, na ukitoka mjini unapita kwanza katika mistari ya mkonge, kisha katika msitu wa mitiki wa Longuza uliopandwa na mkono wa binadamu, kabla ya kufika Kisiwani ambako mlima unaanza kujitokeza kwa dhati.

Katika lango la Sigi basi husimama na wageni huandikishwa na kulipa ada ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa rasmi mwaka 1997. Kituo cha wageni kimo katika jengo la stesheni ya zamani, kwa maana Wajerumani walijenga tawi la reli kutoka Tengeni, kwenye njia ya Tanga, hadi hapa Sigi, ili kuteremsha magogo na mazao ya mlimani. Reli yenyewe ilikwisha kung'olewa zamani. Nyumba ndiyo iliyobaki. Kutoka Sigi, ulipo mwinuko wa mita 450 hivi, barabara inapanda kwa kona kali hadi Amani, kwenye mita 900 hivi, na katika safari hiyo fupi hewa inabadilika kiasi kwamba abiria wenyeji huanza kutoa masweta mifukoni wakati wageni bado wanajipepea.

Mtu aliyezoea picha za Mufindi, ambako chai imetandazwa juu ya vilima hadi upeo wa macho, atashangaa hapa. Tulipanda ndani ya msitu mtupu, miti imefunga juu ya barabara, na hadi tunafika Amani sikuwa nimeona kichaka hata kimoja cha chai. Kondakta aliponiona ninachungulia dirishani alinicheka kwa upole, akasema chai ya huku haikai mlangoni. Jioni nilikunywa ya rangi katika kibanda kilicho karibu na nyumba ya wageni, imetiwa iliki na mdalasini, vyote viwili vikiwa vimelimwa katika vijiji vya mlima huuhuu.

Jumanne: Mashamba ya Kwamkoro

Niliondoka na kiongozi wa wageni saa moja asubuhi, tukafuata njia inayoelekea Kwamkoro. Ukungu ulikuwa mzito, na hondohondo walikuwa wakipita juu yetu bila kuonekana, mabawa yao yakivuma. Kisha msitu ukakatika ghafla. Hapakuwa na vichaka wala miti midogo ya mpito; upande mmoja palikuwa na shina la mti ambalo watu watatu wasingeweza kulikumbatia, na hatua kumi mbele yake palikuwa na chai, imekatwa usawa wa kiuno, imetanda bondeni hadi kwenye ukuta mwingine wa msitu. Hivyo ndivyo yalivyo mashamba yote ya Usambara Mashariki niliyoyaona, Kwamkoro, Monga na Bulwa, kila moja likiwa limeingia ndani ya msitu na kuzungukwa nao.

Wachumaji walikuwa wamekwisha kuanza. Wengi walikuwa wamejifunga karatasi za nailoni kiunoni, kwa sababu umande wa chai asubuhi hulowesha kama mvua, na matenga yao yalikuwa mgongoni. Mama mmoja aliniruhusu nisimame karibu naye, nami nikakaa pale kwa muda mrefu kuliko kiongozi wangu alivyopenda. Mbele yake alikuwa amelaza fito jembamba juu ya vichaka. Chipukizi lililosimama juu ya fito lilichumwa, lililo chini yake liliachwa hadi zamu nyingine, na kwa namna hiyo kichaka hubaki na uso ulio sawa. Huchuma majani mawili na tumba la juu ambalo bado halijafunguka. Hatumii kucha, kwa kuwa jani lililobanwa kwa kucha huanza kuwa jeusi kabla halijafika kiwandani. Hukamata bua kati ya kidole gumba na cha shahada, akalivunja kwa kulipindua kidogo, na mikono yote miwili ilifanya kazi hiyo kwa wakati mmoja bila yeye kuitazama. Nilipomwamkia na kumuuliza amejifunza lini, aliitikia marahaba, akasema amezaliwa kambini, na babu yake alikuja kutoka Njombe.

Jibu hilo nililisikia kwa watu kadhaa, na lina historia yake. Washambaa na Wabondei, wenyeji wa milima hii na tambarare zake, walikuwa na mashamba yao na hawakuwa na haja kubwa ya kibarua cha mkoloni, ndiyo maana wenye mashamba waliagiza manamba kutoka mbali, Wabena, Wahehe, Wangoni na wengineo, ambao baadhi yao hawakurudi kwao. Kambi za wafanyakazi zimegeuka vijiji, na mtu anaweza kusikia lafudhi ya Nyanda za Juu Kusini kilomita arobaini tu kutoka Muheza.

Palipopambazuka vizuri niliweza kuona kwamba shamba halina rangi moja. Sehemu nyingine kila kichaka kilikuwa na kijani chake, kingine cha manjano, kingine kimekolea, majani mapana hapa na membamba pale. Hiyo ni chai ya zamani iliyopandwa kwa mbegu, na kila mbegu ni mtoto wa peke yake. Ng'ambo ya njia palikuwa na kipande ambacho vichaka vyote vilifanana hadi kuchosha macho, kwa sababu vimetokana na vipandikizi vya mti mama mmoja. Chai ya mbegu huzaa kidogo, lakini aliyenieleza haya, mzee aliyewahi kuwa nyapara, alisisitiza kwamba ugonjwa au ukame ukija haiumwi yote kwa pamoja.

Mzee huyo ndiye pia aliyenionyesha kipande ambacho hakijachumwa kwa miaka. Kichaka cha chai kikiachwa hukumbuka kwamba ni mti: vilikuwa vimenipita kimo, vimetoa maua meupe yenye kitovu cha njano, na miche ya msitu ilikuwa imeanza kuota chini yake.

Swali nililokuja nalo ni kwa nini chai ndiyo iliyobaki hapa, wakati si zao la kwanza kulimwa. Katika miaka ya 1890 walowezi wa Kijerumani walifyeka msitu, Derema ikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo, wakapanda kahawa kwa imani kwamba ardhi inayobeba miti mikubwa namna hii lazima iwe na rutuba ya ajabu. Imani hiyo iliwaponza. Udongo wa Usambara Mashariki ni wa kale mno, na mvua, ambayo Amani hufikia karibu milimita 2,000 kwa mwaka, imekwisha kuuosha. Rutuba yote imo ndani ya miti yenyewe na katika majani yanayooza juu ya ardhi, hivyo anayeuondoa msitu huwa ameondoa na mbolea. Kahawa ilidhoofika miaka michache baadaye. Chai, kinyume chake, hupenda udongo wenye asidi, ule ambao mazao mengi huukataa, na huhitaji mvua inayogawanyika mwaka mzima pamoja na ukungu. Udongo ule mbaya ukawa mzuri kwa mgeni mwingine. Hilo ni jambo la kukumbuka kwa yeyote anayedhani kwamba kijani cha mlima ni ushahidi wa utajiri wa ardhi.

Jumatano: Kiwandani

Kiwanda cha chai hakiingiwi kwa kubisha hodi tu. Nilikuwa nimeomba ruhusa mapema, na hata hivyo nilisubiri ofisini hadi saa nne. Nilipewa koti, kofia ya wavu na masharti: nisiguse mkanda wala nisipige picha. Sitakitaja kwa jina kiwanda hicho, kwa kuwa waliniruhusu kutazama, hawakuniomba nikitangaze.

Ghorofa ya juu ndiko majani yanakoanzia. Yametandazwa katika vihori virefu vyenye sakafu ya wavu, na feni kubwa inasukuma hewa kutoka chini ili majani yanyauke polepole usiku kucha. Msimamizi alichukua konzi moja ya majani yaliyoingia asubuhi, akayafinya, akafungua mkono, yalirudi yakatawanyika. Kisha akachukua ya jana, akayafinya. Yalibaki donge, na yalikuwa laini kama kitambaa. Hicho ndicho kipimo chake, ingawa vyombo vya kupimia unyevu vipo ukutani. Harufu ya chumba hicho si ya chai hata kidogo, ni ya nyasi zilizokatwa zikichanganyika na tufaha.

Chini yake kelele zinaanza. Majani hupita kati ya jozi za rola zenye meno, mmoja ukizunguka mara kumi ya mwendo wa mwenzake, yakakatwa, yakachanwa na kuviringwa hadi yakawa chembe. Mashine za aina hii zilibuniwa Assam, India, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na ndizo zinazotoa chai ya chembechembe inayokolea haraka ambayo karibu kila nyumba ya Afrika Mashariki huinywa. Chembe zinatoka zikiwa za kijani kibichi, mbichi kabisa, halafu zinaingia kwenye mkanda mpana unaotembea polepole, na hapo linatokea jambo ambalo ningeweza kulitazama kutwa nzima: mwanzo wa mkanda ni kijani, katikati ni rangi ya mzeituni, na mwisho wake, baada ya saa moja na zaidi kidogo, ni rangi ya shaba. Watu wa kiwandani husema chai inachachuka, ingawa hakuna hamira wala vijidudu vinavyohusika. Ni utomvu wa jani uliokutana na hewa baada ya jani kuvunjwa. Mzee wa zamu hupita akiokota kidogo na kunusa. Akichelewa, chai itapoa ladha na kuwa nzito bila uchangamfu. Akiwahi, itakuwa kali ya kukwaruza ulimi.

Kinachosimamisha mabadiliko hayo ni moto. Hewa inayozidi nyuzijoto 100 huikausha chai mpaka maji yanayobaki ni asilimia tatu hivi, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza pua inapoitambua. Kati ya kilo nne na tano za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Upande wa kuchambua nilionyeshwa rola za plastiki zinazosuguliwa hadi zinapata umeme tuli, zikawa zinavuta juu nyuzinyuzi nyepesi na kuziacha chembe nzito zipite. Baada ya hapo machujio yanayotikiswa hugawa chai kwa ukubwa, kutoka chembe kubwa hadi vumbi. Wanywaji wengi hudhani vumbi ni takataka, kumbe ndilo linalotoa rangi haraka zaidi, na wauza chai wa stendi hulipenda kwa sababu hiyo.

Nyuma ya kiwanda kulikuwa na mlima wa kuni. Tanuru la mvuke hula mikaratusi, na mikaratusi hiyo imepandwa na mashamba yenyewe kwenye miteremko iliyo kando ya chai. Nilihesabu moyoni: kila kilo ya chai ina kuni zake. Zamani kuni hizo zilitoka katika msitu wa asili, na si zamani sana. Hata uvunaji wa magogo kwa mashine katika milima hii ulisitishwa miaka ya 1980, baada ya watafiti na wahifadhi kupiga kelele. Mikaratusi ni afueni, japokuwa nayo inamiliki ardhi.

Kabla ya kuondoka niliitwa kwenye chumba cha kuonjea. Vikombe vyeupe vilipangwa, kila kimoja na chai ya zamu yake, na mwonjaji alikuwa akivuta kijiko kwa sauti ambayo mama zetu wangetukanya nayo, akatema, akasogea. Kutoka hapo mifuko ya karatasi huelekea mnadani. Kwa miaka mingi mnada ulikuwa Mombasa, ambako chai ya nchi nyingi za Afrika huuzwa kwa dola. Tangu mwishoni mwa 2023 Tanzania imeanzisha mnada wake Dar es Salaam. Nilimuuliza msimamizi kama mabadiliko hayo yamemgusa mchumaji, akanijibu kwa kucheka tu.

Alhamisi: Bustani na Marikitanda

Mvua ilinyesha hadi saa sita, siku ikawa fupi. Nilitembea katika bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani pamoja na taasisi yao ya utafiti mwaka 1902, mwaka uleule ambao chai ilijaribiwa Amani, kwa mara ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Rungwe ilifuata mwaka 1904, na kilimo cha biashara hakikuanza hadi 1926, Waingereza wakiwa wamekwisha kutwaa nchi. Bustani ina miti iliyoletwa kutoka kila bara, mingi bila vibao, na mwinamo wake ni wa kuteleza. Hapa palipandwa mkwinini, uliowapatia askari wa Kijerumani dawa ya malaria wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hapa pia, katika miaka ya 1930, palifanyika uchunguzi wa magonjwa ya muhogo ambao wakulima wa pwani bado wanaunufaikia.

Si kila mgeni wa bustani alikuwa na adabu. Muhesi, mti wa kukua haraka uliotoka magharibi mwa Afrika Mashariki, umetoka bustanini na kwenye upandaji wa mbao ukaingia msituni, hondohondo wakila matunda yake na kueneza mbegu. Chai haina tabia hiyo, inakaa ilipopandwa.

Mchana niliteremka hadi kituo cha utafiti wa chai cha Marikitanda, nikaonyeshwa kitalu. Mche wa chai unaanzia kwenye kipande cha shina chenye jani moja, kimechomekwa katika kiriba cha udongo, kikafunikwa nailoni ndani ya kivuli ili kisikauke. Kila jani lilikuwa limeelekezwa upande mmoja. Niliambiwa mche huo utakaa kitaluni miezi mingi kabla ya kwenda shambani, na ukifika huko utakatwakatwa miaka ya mwanzo ili utanuke badala ya kurefuka.

Ijumaa: Mbomole na ushoroba wa Derema

Kilima cha Mbomole kinapandika bila shida, na siku hiyo mbingu zilifunguka. Kutoka juu nilielewa ramani ambayo kwa miguu nilikuwa sijaielewa: chai ni mabaka ya kijani cha limau, na msitu ni kijani cheusi, na mabaka hayo yameukata msitu vipande. Hapo ndipo ilipo lawama ya kweli ya chai katika Usambara Mashariki. Ndege na wadudu wa kivuli, wakiwemo wasiopatikana mahali pengine duniani, hawavuki uwanda wa chai, hata ukiwa wa mita mia chache. Kwao ni bahari.

Hata hivyo kuna upande wa pili, nao si wa kujitetea tu. Hifadhi ya Amani ina hekta 8,380, na kati ya hizo hekta 1,065 ni misitu iliyomo ndani ya eneo la mashamba ya chai, ambayo wenye mashamba walikubali iingizwe katika hifadhi. Ukungu unaoilisha chai hutegemea msitu huo, na kibiashara shamba lililobaki peke yake juu ya mlima mkavu halina faida. Nimesoma maandishi mengi yanayomchora mwenye shamba la chai kama adui wa msitu, na mengine yanayomchora kama mlinzi wake. Kwa niliyoyaona, alikuwa adui hadi alipogundua kwamba anauhitaji, na ulinzi wake utadumu maadamu chai inalipa.

Waliogharamika zaidi ni watu wengine. Ili kuunganisha misitu ya kusini na ya kaskazini, wakulima wa Derema waliokuwa wakilima iliki chini ya miti waliondolewa katika miaka ya 2000 kwa fidia, na eneo lao likawa ushoroba, yaani njia ya msitu ya kupitia viumbe. Nilipita pembezoni mwake na kukuta mashina ya iliki yaliyobaki porini, yamesongwa na magugu. Kiongozi wangu alisema jirani zake wengine bado huzungumzia fidia ile kila panapokuwa na msiba, watu wanapokaa pamoja usiku.

Jumamosi: Kuteremka

Basi liliondoka kungali giza. Nilikaa karibu na mzee mwenye gunia la pilipili manga, na tulipofika Sigi tulikuwa tumekwisha kujuana vya kutosha kuzungumza habari za pesa. Alikuwa na kipande cha chai, akakiacha. Chai, alisema, humpa mtu kidogo kila mwezi, na mwezi kiwanda kinapochelewesha malipo unakosa hata hicho. Iliki huleta fedha nyingi kwa mkupuo, lakini inataka kivuli cha miti mikubwa, na baada ya miaka kadhaa ardhi inachoka, unatafuta msitu mwingine ambao siku hizi haupo. Karafuu inataka subira. Pilipili hupanda juu ya mti wowote, hata mgrevilea wa kando ya nyumba, ndiyo maana ameichagua.

Nilimweleza kwamba mto Zigi tuliokuwa tukifuata ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na kwamba sisi wa Tanga mjini tunakunywa maji ya mlima wake. Akasema anajua, wataalamu wa maji wamewahi kuwafuata na kuwaambia wasilime kando ya mto. Nilipomuuliza kama angekubali kukirudia kile kipande cha chai iwapo bei ya majani mabichi ingepanda, hakujibu mara moja. Alingoja hadi basi liliposimama Kisiwani, akateremsha gunia lake, kisha akaniambia dirishani kwamba chai yake bado ipo, imekuwa miti, na kabla ya kushika panga ataona kwanza pilipili ya msimu huu itauzwa kiasi gani.